Wifi anataka kunichoma damu yangu kichwani

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, naishi Ujiji, nauza dagaa na migebuka Kibirizi. Tangu usichana nimesuka rasta za kubana, sasa mapanja yamebaki wazi. La kushoto ngozi yake inang'aa kama imepakwa mafuta. Mtandio siuvui hata nikiwa ndani.

Wifi yangu amefungua saluni Mwanga, na safari hii amerudi kutoka Dar na mashine ya kuzungusha damu. Anakutoa damu mkononi, anaizungusha, chembe nyekundu zinashuka chini, juu yanabaki maji ya manjano yenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata. Hayo ndiyo anayoyachoma kichwani, mara 3, kila baada ya mwezi. Mimi hanitozi hata senti; anachotaka ni picha za kuwaonyesha wateja.

Jumamosi nilikwenda kumtazama akiwa kazini. Vichupa vya wateja wawili vilisimama kwenye kikombe cha chai, havina jina wala alama. Alipovitoa kwenye mashine mkono ukasita. Akakitazama hiki, akakitazama kile, kisha akachagua. Shangazi, tangu siku hiyo silali vizuri.

Jirani yangu muuguzi anasema tiba yenyewe ipo na madaktari wa ngozi wanaitumia: chembe hizo huamsha mashina ya nywele yaliyodhoofika, ila palipokwisha kuwa kovu haziwezi kitu. Akanieleza pia ya New Mexico, Marekani, kwenye saluni ya urembo isiyo na leseni iliyofungwa mwaka 2018. Wanawake walikwenda kutengenezwa uso kwa damu yao wenyewe, baadaye wakagundulika wana VVU.

Wifi si mtu mbaya. Nilipojifungua kitindamimba wangu ndiye aliyenikanda maji ya moto siku zote arobaini. Nikikataa atasema namwonea kijicho. Nikitaja vichupa mbele ya mama mkwe, nimemharibia biashara. Mume wangu anasema hayo ni ya wanawake, tuyamalize wenyewe. Na wateja wanazidi kuingia, wengine mabinti wadogo kabisa.

Nimwambieje, na nimwambie peke yake au mbele ya mkubwa? Na je, nijikusanyie nauli niende Moshi, KCMC, kwa wataalamu wa ngozi, wanipime kama hili panja la kushoto bado lina mashina hai?

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma