Karate ya peke yako huko Kiuyu

Wete, Pemba

Sahibu yangu Khamis,

Asalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Karafuu zimeanikwa mpaka kando ya barabara na kila kitu kinanukia karafuu, hata karatasi hii. Barua yako imenifika kwa mkono wa kijana wa gari. Nimefurahi kusikia skuli wamekupatia nyumba yenye uwa.

Umeniuliza kama mtu anaweza kujifunza karate peke yake kijijini, hana sensei wa kumfundisha, hana dojo ya kufanyia mazoezi, ana simu tu. Naam, anaweza, lakini nusu yake. Kusimama, kupiga, kupumua, kuipeleka nyonga pamoja na ngumi, hayo utayapata. Nusu ya pili ni kujua mwenzako yuko umbali gani na anakuingilia saa ngapi, na hiyo huipati kwenye simu. Lakini wewe uko Pemba, na kuna mahali hapa Pemba inapopatikana. Nitafika huko, kwanza tuimalize hii ya uwani.

Yaliyonitia wasiwasi ni zile video ulizopakua. Unasema unatazama za walimu mbalimbali. Acha, yakhe. Kata, yaani miondoko iliyopangwa ifuatane, zile za mwanzo zilitungwa na Anko Itosu kwa ajili ya watoto wa skuli kule Okinawa, zikaitwa Pinan. Gichin Funakoshi, aliyekwenda kuionesha karate Tokyo mwaka 1922, baadaye akazipa jina la Heian, na tena akazigeuza mpangilio: ya kwanza akaifanya ya pili, ya pili akaifanya ya kwanza. Ndiyo maana ukitafuta kata ya kwanza unaletewa mbili zisizofanana, na kila mwalimu anaapa kwamba yake ndiyo. Wote wasema kweli, kila mmoja kwa staili yake. Wewe shika Shotokan, staili ya Funakoshi, kwa sababu ndiyo niliyonayo mimi na ndiyo nitakayoweza kukusahihisha.

Heian Shodan, kata yake ya kwanza, ina miondoko 21, na imepangwa ili unapoanzia ndipo umalizie. Hilo ni neema kubwa kwa mtu asiye na mwalimu. Chora alama kwa kisigino kwenye udongo, simama juu yake, fanya kata yote bila ya kutazama chini, kisha angalia umetua wapi. Ukijikuta mbele ya alama, au kando, basi hatua zako hazilingani urefu. Mara nyingi tatizo liko pale unapogeuka robo tatu ya duara: mguu unachoka njiani na unatua karibu mno. Alama haina haya ya kukwambia, na haikusifu ili ukosee tena kesho.

Ukijirekodi, simu iweke dirishani ikutazame kwa ubavu. Kwa mbele kila mtu bingwa. Kwa ubavu ndipo unapoona kisigino kinanyanyuka, matako yamebaki nyuma, kidevu kimetangulia. Na video ya kujifunzia tafuta iliyopigwa kwa mgongoni mwa mwalimu, la sivyo kushoto kwake wewe utakufanya kulia kwako, na kulifuta kosa hilo mwilini ni kazi.

Sasa ardhi. Najua huko kwenu mawe matupu, na najua utakimbilia pwani, maana kila mtu hukimbilia pwani. Mchanga ni mzuri kwa kukimbia na kwa kusimama chini-chini. Kwa teke la kuzungusha siutaki. Teke lile linazungushwa na unyayo uliosimama. Mchanga ukiushika unyayo, kitakachozunguka ni goti, na goti halikuumbwa kwa kuzungushwa. Fanyia barazani, polepole, mkono mmoja ukutani. Na ngumi ya hewani usiitupe mpaka mwisho wa kiwiko. Mbele hakuna kitu cha kuipokea, kwa hiyo mfupa ndio unaokuwa breki. Ibakishe kidogo.

Gunia usijaze mchanga, utashuka chini ukawa jiwe. Jaza nguo kuukuu, zikandamize sawasawa. Ukitaka makiwara, ubao wa kupigia ngumi, chukua ubao mrefu, uchimbie ardhini, juu ufunge kamba ya usumba badala ya ile ya majani ya mpunga wanayotumia wao. Ubao lazima unepe unapoupiga. Mnazi haunepi, tafadhali uache mnazi.

Kuna mambo ambayo peke yako usiyaguse kabisa: kuangusha, kuangushwa, na kukabana shingo. Ulipokuwa mjini Unguja uliiona judo, aliyoifundisha Mjapani Tsuyoshi Shimaoka miaka mingi. Unakumbuka wanavyoanza na kuanguka tu, kidevu kifuani, mkono unapiga chini, na wamezungukwa na watu na mikeka minene. Juu ya mawe ya Kiuyu hilo si zoezi.

Watu hupenda kutaja wakubwa wa zamani kuwa walijifunza wenyewe. Huyo Funakoshi alikuwa mwalimu wa skuli kama wewe, anasomesha mchana, usiku anakwenda kwa mwalimu wake Azato kufanya kata ile ile miezi na miezi. Wanaosimulia hadithi hii humsahau Azato, ambaye alikuwepo akimtazama.

Jambo jengine, kabla hujaanza kupiga kelele zako alfajiri, nenda kwa sheha umweleze. Ndondi zilikatazwa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na hazikuruhusiwa tena mpaka 2022, wakati wa Rais Mwinyi. Kizazi kizima kimekua hakijaona ulingo. Mwalimu mgeni anayepiga ngumi uwani kwake bila ya maelezo atazungumzwa mpaka Konde.

Haya, nusu ya pili. Waulizie wazee wa kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Wewe Mkae wa Makunduchi, kwenu kila Mwaka Kogwa wanaume wanatandikana kwa migomba, huna haki ya kudharau fimbo. Umekiona kirumbizi kwenye harusi ukadhani ni ngoma tu: zumari linalia, watu wameweka duara, wawili wanaingia na fimbo, mmoja anapiga, mwengine anakinga. Kakitazame tena, ngoma uiache masikioni, macho uyaweke miguuni.

Hapa Wete kuna fundi pikipiki, kijana, karate anaijua, teke lake linafika kichwani. Siku ya harusi moja aliingia duarani na mzee aliyemzidi umri mara mbili na zaidi, msuli umekunjwa mpaka gotini, kofia kichwani, kandambili kazivua akazipanga vizuri pembeni. Kijana akaruka, akapiga. Mzee alirudi nyuma kiasi cha unyayo, hakuzidisha. Fimbo ya kijana ikapita mbele ya kofia, na kabla haijamaliza safari yake ile ya mzee ilikuwa imeshagusa muundi wa kijana. Aligusa tu, kwa adabu. Kijana akaingia tena, akaguswa tena, pale pale. Wanawake wakapiga vigelegele. Baadaye nilimfuata mzee barazani, nikamuuliza anajuaje fimbo inakuja. Akasema fimbo haitazami kabisa, anatazama bega, kwa sababu mkono hauendi popote bega lisipotoa ruhusa. Kisha akanilalamikia kahawa ya harusi ile, kwamba ilikuwa maji.

Hicho alichonacho yule mzee ndicho utakachokikosa uwani kwako hata ukae huko miaka kumi. Unyayo mmoja wa kurudi nyuma, kwa wakati wake. Ukikaa duarani na fimbo nyepesi kila wanapocheza, ukapigwa miundi yako ukastahamili, utarudi kwenye Heian yako na zile hatua utazifahamu vyengine. Kukinga kwa chini, muondoko wa mwanzo kabisa wa kata, kutaacha kuwa picha. Wengine watakwambia usichanganye mambo. Mimi nasema mchanganyiko ninaouogopa ni ule wa video kumi za staili tano.

Huko Micheweni lazima wapo wanaocheza. Usiwaulize vijana, waulize wazee baada ya Alasiri, na usiende mikono mitupu, chukua sukari. Uingie kwa adabu, usitaje mkanda wowote. Ukikosa mtu huko, njoo Wete wikiendi yoyote mimi nikupeleke.

Mama anakusalimia, anauliza kama unakula vizuri. Nimekuwekea mafungu mawili ya kamba ya usumba kwa ajili ya makiwara, kijana wa gari atakuletea pamoja na barua hii. Na ile video unayoifuata sasa, nitumie jina la staili yake kabla hujaendelea nayo.

Wasalaam,
sahibu yako,
Omar