Kabla ya kukubali au kukataa upasuaji wa mgongo, ulizeni digrii ngapi

Mhariri,

Wazazi wa hapa Bukavu wakiambiwa kwamba mtoto wao wa miaka 12 au 14 ana skoliosi, yaani mgongo umepinda kwa upande, mjadala wa nyumbani huanzia mwisho: apasuliwe au asipasuliwe? Baba anakataa katakata binti yake kuwekwa chuma, shangazi anasema atapooza, mama anawaza kama ataweza kuzaa. Hofu hizo hatuzicheki. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza mgongo umepinda digrii ngapi, wala mtoto amebakiza kiasi gani cha kukua. Bila majibu hayo mawili, anayekubali na anayekataa wote wanabahatisha.

Digrii hupimwa kwenye radio (picha ya eksirei) ya mgongo mzima, mtoto akiwa amesimama bila viatu. Tunakazia kusimama kwa sababu radio nyingi zinapigwa mtoto amelala, na akilala pembe inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Chini ya digrii 10 haiitwi skoliosi. Tena msilie wala kushangilia kwa tofauti ya digrii 3 kati ya radio mbili, maana kipimo chenyewe huweza kupishana kwa digrii 5 hivi.

Ukuaji nao husomwa juu ya mfupa wa nyonga, kwa hatua za Risser, kuanzia 0 (bado anakua sana) hadi 5 (amemaliza kukua). Kwa msichana, daktari atauliza pia kama ameanza kuona siku zake, kwa kuwa mgongo hupinda upesi zaidi katika kipindi cha kurefuka haraka kinachotangulia. Mtoto wa digrii 28 aliye Risser 0 anatutia wasiwasi kuliko wa digrii 35 aliyekwisha kukua.

Kati ya digrii 25 na 40, mtoto akiwa bado anakua, tiba ni korse, yaani gamba gumu la kuvaa kiwiliwilini lenye mikanda. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa korse walimaliza kukua bila kufika digrii 50. Kwa wasiovaa ilikuwa 48. Waliovaa zaidi ya saa 13 hivi kwa siku walifaulu karibu wote. Korse hainyooshi mgongo, inazuia usizidi. Inashindwa kwa sababu za kawaida kabisa: mtoto anaivua shuleni kwa aibu, mikanda inalegezwa, au amerefuka na bado anavaa ileile ya mwaka jana. Avae fulana ya pamba ndani, isiyo na mishono ya kukwaruza. Ngozi ikibaki nyekundu nusu saa baada ya kuvua, korse irudishwe kwa aliyeitengeneza. Kukandwa na mafuta hakurudishi mgongo, na mkoba wa shule, ambao hulaumiwa sana, hausababishi skoliosi.

Upasuaji huzungumzwa kuanzia digrii 45 hadi 50. Si jambo la dharura, na mzazi anayeomba miezi michache ya kufikiri hakosei. Ila ajue kwamba mpindo uliopita 50 huendelea kwa wastani wa digrii 1 kwa mwaka hata baada ya kukua. Binti wa miaka 16 mwenye 55 anaweza kukaribia 80 akifika miaka 40, na huko mapafu huanza kubanwa.

Mpasuaji hufunga skrubu kwenye pingili, huunganisha fito mbili za chuma, kisha hupanga vipande vya mfupa ili pingili zishikane. Chuma kinashikilia tu wakati mfupa unaungana, na kwa kawaida hakitolewi. Kwa timu yenye uzoefu, madhara ya neva hutokea kwa mtoto kama 1 kati ya 100 au chini ya hapo. Kwa hiyo ulizeni: mnafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Mna mashine ya kufuatilia neva wakati wa upasuaji, na kama hamna, mtamwamsha mtoto katikati achezeshe miguu? Wanaopeleka mtoto nje, kwa mfano hospitali ya mifupa ya FOCOS ya Accra, Ghana, waulize pia nani atasoma radio za baadaye huku Bukavu. Kuhusu uzazi, aliyepasuliwa hubeba mimba na kuzaa. Amwambie tu daktari wa ganzi mapema, kwani sindano ya mgongoni yaweza kuwa ngumu.

Shuleni hurudi baada ya wiki 4 hadi 6. Bidoni ya lita 20 na mdogo wake mgongoni, hapana, mpaka mpasuaji aone kwenye radio kwamba mfupa umeungana, na hiyo ni miezi. Katika nyumba zetu za milimani sharti hili ndilo huvunjwa kwanza.

Kuna watoto wasiofaa kuanzia kwenye mjadala huu. Kibiongo chenye ncha katikati ya mgongo, homa za jioni na kukonda vinataka kipimo cha kifua kikuu cha mgongo, ambacho hutibiwa kwanza kwa dawa. Maumivu ya usiku au miguu kuishiwa nguvu yanataka IRM (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku). Na kila mtoto anayepangiwa upasuaji apimwe kwanza kama ana selimundu, kwa kuwa ganzi, damu ya kuongezwa na hewa ya oksijeni hupangwa tofauti kwake.

Wahudumu wa kineziterapi (tiba ya viungo kwa mazoezi), Ibanda, Bukavu