Rayan ndiye aliyekata kiu

Doha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sijambo, kazi inaendelea. Jana baada ya futari nilimpigia mama, akaniambia mjukuu amefika salama, alhamdulillah, ila jina umelikataa. Umesema, "Rayan ndiyo nini? Majina ya kwenye simu haya." Baba, naomba unisikilize kabla ya akika ya Ijumaa.

Huku jina hili nalisoma kila siku. Al Rayyan ni manispaa jirani na Doha, yenye kiwanja kilichochezewa Kombe la Dunia la 2022. Hata chupa ya maji iliyo mezani hapa imeandikwa Rayyan. Waarabu wanaikaza hiyo y, sisi tumeilegeza tu. Maana yake ni aliyekunywa akakata kiu, au shamba lililoshiba maji. Neno letu riwaya limetoka kwenye shina hilohilo, kwa kuwa Waarabu wa zamani mbeba maji na mbeba habari waliwaita kwa majina ya ukoo mmoja.

Na ule mlango je? Wewe ndiye uliyetusomea hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo kwa Bukhari na Muslim: Peponi upo mlango uitwao Rayyan, wanaingia waliofunga peke yao, wakishapita unafungwa. Mtoto kazaliwa Ramadhani, Baba!

Nakumbuka shambani kwetu Mabogini. Nilikuwa na miaka tisa, zamu yetu ya maji ikaangukia saa nane usiku. Umebana tochi kwa meno, ukakata tuta kwa jembe. Maji yakaingia jarubani, mapovu yakawa yanatoka kwenye nyufa kwa sauti ndogo kama ng'ombe anapokunywa. Ukanivuta karibu: "Sikiliza, inakunywa." Basi Rayan ndiyo hiyo.

Jina lako halipotei. Kwenye cheti litakuwa la tatu, baada ya langu mimi baba yake, na shuleni ataitwa kwa yote matatu.

Naomba jambo moja: uende mwenyewe kuandikisha. Karani asije akaandika Ryan, hilo ni la Waairishi. Wala si Rayhan, huo ni mrehani wetu wa uani.

Hela ya mbuzi wawili nimeituma kwenye simu ya mama. Chagua walionona.

Mwanao,
Hamisi