Barua kutoka Kirumba

Dada yangu mpendwa,

Barua yako niliipokea, na swali lako, kwamba mimi hasa ni mnasihi wa mkondo upi, nimelala nalo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Chuoni tulifundishwa mikondo kana kwamba ni vyama vya siasa: huku mwanasaikolojia Carl Rogers na usikivu wake, kule daktari wa akili Aaron Beck, aliyeanza miaka ya 1960 kuchunguza mawazo yanayomzamisha mtu katika sonona. Mimi chama nimeacha kuchagua.

Yupo mama mmoja mchuuzi wa dagaa, aliyeniridhia nimtaje bila jina, na ambaye baadhi ya habari zake nimezibadili. Alinusurika mtumbwi ulipopinduka, na tangu hapo hakuthubutu kupanda kivuko cha Kamanga, ingawa wateja wake wengi wako Sengerema. Katika kikao cha pili nilimpa karatasi ya kuandika mawazo yanayomjia. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na noti zake, na wiki mbili sikumwona. Kosa lilikuwa langu, kwani niliikimbilia mbinu ya Beck kwa mtu ambaye hajasikilizwa. Aliporudi nilinyamaza, naye akasimulia, akalia, akalitaja jina la mwenzake aliyezama. Hapo ndipo karatasi ilipopata kazi, maana kilichomkaba zaidi ya maji ni wazo kwamba yeye ndiye aliyemshawishi mwenzake apande.

Hofu ya maji ilifuata, na hiyo tuliiendea kwa hatua: kukaa gatini akitazama magari yakipakiwa, kisha kuingia kivukoni na kushuka kabla hakijaondoka, mwishowe kuvuka akiwa na mdogo wake. (Utaniuliza kwa nini asizungukie daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Alizunguka sana, na kila alipokikwepa kivuko hofu ilizidi kunenepa.) Maombi ya akina mama wa kanisani kwake sikuyagusa, kwa kuwa yalimpa usingizi kabla yangu.

Usidhani basi kwamba nachanganya chochote kilicho karibu. Katika daftari langu kila kikao kina mstari mmoja unaoeleza kwa nini nimechagua mbinu ile kwa mtu yule siku ile, na mara nyingine mstari huo hubaki mtupu. Ukibaki mtupu, kikao kinachofuata huwa ninauliza machache mno.

Niandikie yule kijana wako anaendeleaje, na wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Dada yako wa Mwanza