Zima sauti, mtazame kwotabeki

Mhariri,

Watangazaji wa futiboli ya Kimarekani wana mazoea mabaya. Kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) akiwa Mzungu na akirusha pasi safi, husifiwa kwa kuusoma mchezo. Mweusi akirusha ileile, husifiwa kwa misuli na kasi. Sifa hiyo ya pili ina sumu, maana kasi hupungua kwa umri, akili haipungui.

Warren Moon, kwotabeki Mweusi, hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1978, timu zilipochagua wachezaji wapya. Alikwenda Kanada, akatwaa Grey Cup, kombe la ubingwa wa huko, mara 5 mfululizo. Mwaka 2018 wapo waliotaka Lamar Jackson, kwotabeki mwingine Mweusi, awe mpokeaji pasi. Katika uchaguzi wa wachezaji wapya alichukuliwa wa 32. Msimu wa 2019 aliongoza ligi kwa pasi 36 za tachidauni (yaani za kufunga), akawa mchezaji bora kwa kura zote.

Anayetaka kupima kwa haki aitazame video bila sauti. Je, macho ya kwotabeki yametoka kwa mpokeaji wa kwanza kwenda kwa wa pili? Amebadili mpango baada ya kuwaona walinzi walivyojipanga? Kisha atenganishe mbio alizoagizwa na kocha na zile za kuwakwepa wakabaji. Wengi huzichanganya (wachambuzi wanaolipwa wakiwemo), halafu husema jamaa hatulii.