YAH: MAKOPO YA SAMAKI YALIYOVIMBA NA WAJIBU WENU KISHERIA

Ndugu Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika katoni 12 mlizotuletea Ujiji (makopo 24 kwa katoni, gramu 425, samaki wa mchuzi wa nyanya), makopo 31 yamevimba ndani ya wiki tatu. Katoni zote ni za bechi moja. Bechi ya awali, nayo yenu, iko shelfu hiyohiyo na haina hata moja lililovimba.

Kwa simu mlisema stoo yetu ina joto, na kwamba tukamdai mwenye kiwanda.

La joto limejibiwa na hiyo bechi ya awali. Mngetaja mwinuko tungewasikiliza kidogo: Kigoma iko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kopo lililojazwa kupita kiasi likitoka Dar es Salaam huweza kututumka. Lakini hilo ukilibonyeza kwa dole gumba linarudi. Haya yamekaza kama ngoma pande zote mbili, na matatu yanachuruzika mchuzi kwenye mshono wa kifuniko. Hiyo ni gesi ya vijidudu: ama hayakupikwa vya kutosha baada ya kufungwa, ama mshono uliachia na maji ya kupozea yakapenya. Vijimbegu vya botulini (kijidudu kinachotoa sumu kali kwenye chakula) havifi mpaka katikati ya kopo pafike nyuzi 121 kwa dakika kama tatu. Sufuria ya nyumbani haifiki huko. Ndiyo maana hatukufungua hata moja "tuonje", kama alivyotushauri kijana wenu wa mauzo.

Kuhusu kiwanda: hatuna mkataba nacho, tuna risiti yenu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kinamtaka anayeuza bidhaa za aina anayoshughulika nayo atoe zenye ubora wa kuuzika, awe alijua kasoro au hakujua. Mnunuzi aliyekagua hufungwa na kasoro ambazo ukaguzi wake ungezibaini. Siku ya kupokea makopo yalikuwa bapa, na ndani ya bati haoni mtu. Ule mstari wenu wa "mali ikipokelewa hairudishwi" hausemi lolote juu ya ubora. Mteja wetu akiumwa atatushika sisi, nasi tutawashika ninyi. Ya kwenu na kiwanda mtayamaliza wenyewe.

Tunaikataa bechi nzima, maana kopo lililo bapa leo halina dhamana ya kesho. Ndani ya siku 7 turudishieni fedha za katoni 12 pamoja na nauli ya mzigo, mje mchukue makopo kwa gharama yenu, na muwaarifu kwa maandishi maduka yote yaliyopata bechi hii. Jalalani hatuyatupi, watoto huokota.

Makopo 6 yasiyovuja tumeyatenga kwa ajili ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019, wapime mshono, vijidudu na histamini (sumu inayotokea samaki anapooza). Histamini ikiwa juu, huenda samaki walioza kabla ya kopo kufungwa, kwa sababu kupika hakuiondoi. Majibu hayo yatawafaa ninyi mkienda kiwandani.

Wenu,
Wamiliki wa duka, Ujiji, Kigoma

Nakala: TBS, Afisa Afya