Dada, usisahau viatu vya kukimbilia

Brighton, Uingereza
Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta nyote salama, Baba, Mama na watoto. Mimi sijambo, kazi zinaendelea na afya ni njema. Nimefurahi mno kusikia kwamba safari yako ya Juni imethibitika, na nikafurahi zaidi nilipoona swali lako la kwanza ni utakimbilia wapi asubuhi. Nimekuwa nikingoja mtu wa kunyumbani aniulize hivyo. Basi kaa vizuri, na ukimaliza kusoma msomee Mama, kwa sababu wasiwasi wake juu ya majabali nitaujibu humu humu.

Kabla ya njia yoyote, kuna upepo. Mji huu umeielekea bahari upande wa kusini, na pwani yake inakwenda mashariki na magharibi karibu mstari mmoja. Ukishuka mpaka ufukweni una mawili tu, kulia au kushoto, na upepo ndio unaoamua. Siku nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi. Siku hizo mimi hushika kulia, nikaukabili upepo mwili ukiwa bado na nguvu, halafu nikarudi nyumbani unanisukuma mgongoni. Ukifanya kinyume utajiona mwepesi sana wakati wa kwenda, lakini utarudi fulana imelowa jasho na upepo unakupiga kifuani. Siku za baridi hilo si jambo la mzaha. Basi kila asubuhi, kabla sijafunga kamba za viatu, nafungua dirisha nitazame miti inainamia wapi.

Njia ya kulia ndiyo wanayoijua wote. Unaanzia Palace Pier, gati lililofunguliwa mwaka 1899, ambalo limeingia baharini zaidi ya mita 500. Kutoka hapo hadi Hove Lagoon, katika mji jirani wa Hove, ni kama kilomita 4, tambarare tupu, pana, bahari mkono wa kushoto muda wote. Utapita chini ya mnara wa kutazamia mandhari uitwao i360, mita 162 kwenda juu, uliofunguliwa mwaka 2016. Mbele yake kuna mabaki ya gati jingine, West Pier. Hilo lilifunguliwa mwaka 1866, likafungwa 1975, na mwaka 2003 likashika moto. Sasa imebaki mifupa ya chuma imesimama majini, haina daraja la kuiunganisha na nchi kavu, na shakwe ndio wenye nyumba. Mimi huwa napunguza mwendo hapo hata nikiwa na haraka. Ukiingia Hove unakuta viwanja vya nyasi, kisha safu ndefu ya vibanda vya ufukweni, kila mlango na rangi yake.

Ni njia nzuri ya kupimia kasi, na kwa mtu aliyetoka safarini miguu imevimba ndiyo itakayomfaa. Ila mwisho wa wiki wa kiangazi inajaa watu, na baiskeli zina njia yao iliyochorwa ubavuni mwa ya waenda kwa miguu. Usiikanyage, wale hawapunguzi mwendo. Jumamosi saa 3 asubuhi kuna mbio za parkrun kwenye barabara hiyo ya ufukweni ya Hove, kilomita 5, bure kabisa. Mpango huu ulianza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy Park huko London na umeshaenea nchi nyingi. Jisajili kwenye mtandao kabla hujaondoka, uje na msimbo pau (barcode) wako, kwani muda utakaoupata utaandikwa kwa jina lako. Utakimbia na wazee, na kina mama wanaosukuma vigari vya watoto, na vijana wanaopita kama mshale, na wote hupigiwa makofi wakifika mwisho. Nataka sana nikuone hapo.

Jambo moja ulijue mapema: ufukwe wa hapa ni kokoto. Mchanga huonekana kidogo tu chini kabisa maji yakipwa. Usije na nia ya kukimbia peku.

Sasa njia ya kushoto, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike barua ndefu hivi. Unatoka gatini unafuata Madeira Drive, na pembeni yako kuna reli ndogo ya umeme aliyoijenga Magnus Volk mwaka 1883. Ndiyo reli ya umeme kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo duniani. Baada ya kama kilomita 2 unafika kwenye bandari ya mashua, na nyuma yake ndipo inapoanza Undercliff, njia ya zege iliyojengwa chini ya majabali miaka ya 1930. Kutoka hapo hadi kitongoji cha Saltdean ni kama kilomita 5. Mkono wa kushoto una ukuta mweupe wa mwamba unaopanda juu mpaka shingo ikuume, mkono wa kulia una bahari, na wewe uko katikati.

Mwamba wenyewe ni chaki. Ukiugusa, kiganja kinabaki cheupe. Kwa mbali unauona mweupe wote, ila ukisogea karibu utaona mistari myeusi imepita ndani yake kwa kulala, safu juu ya safu, na hiyo ni mawe ya gumegume. Chaki hii ni magamba ya viumbe vya baharini, vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa na kuzama chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka, enzi za dinosaria. Kwa hiyo hapo unapokimbia umepita kando ya sakafu ya bahari ya zamani, imeinuliwa na kusimamishwa. Nilipolijua hilo njia ilinibadilikia kabisa. Sasa napunguza mwendo nikitazama mahali mistari ya gumegume inapopinda.

Na hapa upepo unarudi tena kwenye hesabu. Siku unapovuma kutoka kaskazini, ule wa baridi kali, huku chini hauufahamu. Majabali yanakukinga, na jua likitoka ukuta mweupe unalirudisha mwilini mwako. Nimewahi kuvua koti hapa siku ambazo mjini watu walikuwa wamejifunika mpaka masikioni. Ukivuma kutoka mashariki unauona mbele wakati wa kwenda, unakuleta wakati wa kurudi. Lakini upepo wa kusini-magharibi ukipanda na maji yakiwa yamejaa, usiende. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kama mita 6, na mawimbi yakija na upepo huo yanapiga ukuta, yanaruka juu ya njia, na yanarusha kokoto. Vilevile baada ya mvua kubwa au jalidi vipande vya mwamba huweza kumeguka, na njia hufungwa. Ukikuta kizuizi geuza. Tazama ratiba ya maji, utoke yanapokupwa. Ndipo utakapoona miamba ya chini imefunuka, na vidimbwi vyenye kaa na mwani, na watoto wameinama na ndoo zao.

Katikati ya njia kuna kijiji cha Rottingdean, na juu ya kilima chake kinu cheusi cha upepo cha mwaka 1802. Saltdean kuna bwawa la kuogelea la wazi la mwaka 1938, lenye jengo jeupe lililopinda vizuri sana. Kwa kurudi unaweza kupanda juu ya majabali ukakimbia kwenye nyasi, ukiwa na bahari ile ile lakini sasa iko chini yako. Mimi nakushauri uende kwa chini na urudi kwa juu, siku yenye mwanga mzuri. Mbio za marathoni za Brighton, zilizoanza mwaka 2010 na kwa kawaida hukimbiwa Aprili, nazo hupita huko juu. Usingekuwa unakuja Juni ningekushawishi ujiandikishe.

Nyuma ya mji kuna vilima vya South Downs, ambavyo ni hifadhi ya taifa. Huko ni njia za udongo na nyasi, mwinuko na mteremko, na malango ya mbao ambayo lazima uyafunge nyuma yako kwa ajili ya kondoo. Chaki ikilowa inateleza vibaya, kwa hiyo viatu vinataka soli yenye meno ya kung'ata ardhi. Ukianzia mtaa wa Patcham na kupanda, utafika mahali panapoitwa Chattri. Ni kuba la marumaru nyeupe peke yake mlimani. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Kihindi waliojeruhiwa waliletwa kutibiwa Brighton, hata kwenye lile jumba la kifalme la Royal Pavilion. Askari 53 wa Kihindu na Kalasinga waliofariki walichomwa hapo juu kwa taratibu za dini zao, na kumbukumbu hii ikazinduliwa mwaka 1921. Mimi nikifika nasimamisha saa ya mkononi na kukaa kidogo. Waliletwa kutoka mbali kupigana vita visivyo vyao, nami siwezi kupita hapo mbio.

Siku tutakapokuwa na muda, Jumapili, tutapanda basi namba 12 hadi Exceat, tufuate mto Cuckmere mpaka baharini, halafu tuyapande majabali ya Seven Sisters moja baada ya jingine. Ukishamaliza yote unaendelea mpaka Beachy Head, ambako jabali lina mita 162, sawasawa na mnara ule wa i360. Jumla hadi mji wa Eastbourne ni zaidi ya kilomita 10, na magoti yatakwambia. Basi la kurudi lipo.

Mama, hapa nakujibu wewe. Ukingo wa majabali haya hauaminiki, kwa sababu bahari hula chini na juu panabaki pamening'inia bila mtu kujua. Kwa hiyo sisi tutakimbia mbali na ukingo, kwenye nyasi za ndani, na hatutapiga picha pembeni. Nakuahidi. Na wala hatutakuwa gizani. Desemba jua hutua kama saa 10 jioni, lakini Juni linatua baada ya saa 3 usiku, hivyo hata tukikimbia baada ya kazi tutarudi mchana mweupe.

Dada, kitu kimoja tu kitakupita, nacho ni kwezi. Miezi ya baridi, jua linapozama, hujikusanya kwa maelfu juu ya Palace Pier, wakageuka wote pamoja angani, kisha wakashuka kulala chini ya gati. Kwa hilo itabidi uje tena Novemba.

Viatu vyako vya barabarani vinatosha kwa njia zote mbili za baharini. Vya vilimani nitakutafutia huku, nitumie tu saizi ya mguu wako kabla ya mwisho wa mwezi. Lete na koti jepesi la kuzuia upepo, hata kama ni Juni. Msalimie Baba sana, mwambie nimepokea salamu zake. Watoto wabusu.

Ni mimi mdogo wako